UZI: Kujenga kazi yako mwenyewe ya batiki na darizi huku ukisoma jioni na Jumamosi

#1 KanikiNyeusi

Wakuu salaam.

Swali hili linarudi humu kila mara, nimeona bora lipate uzi wake. Mtu ana kazi ya mchana. Kajiunga na kozi ya jioni au ya Jumamosi, kamaliza miezi mitatu, anajua kuyeyusha nta na kukoroga rangi (batiki ndiyo hiyo: unapaka nta pale usipotaka rangi ishike, kisha unazamisha). Akibaki peke yake nyumbani anajikuta anarudia twiga, mbuyu na mama mwenye mtungi kichwani, vile vile alivyoonyeshwa darasani. Anachotaka ni kazi ambayo mtu akiiona ukutani atasema hii ni ya fulani. Afanyeje, na muda wenyewe ni wa kuibia?

Kozi fupi inakupa namna ya kufanya, haikupi cha kusema. Cha kusema kinakuja kwa kujibana. Chagua kitambaa cha aina moja, nta, rangi tatu na kitu kimoja cha kutazama. Kaa navyo wiki 12 bila kuhama. Anayehama kila wiki, leo batiki, kesho shanga, keshokutwa kufuma, anajikuta na mianzo kumi na hakuna hata mmoja uliofika mahali pa kumshangaza.

Sasa muda. Saa 6 kwa wiki zinatosha, mradi uzigawe kwa kufuata kazi yenyewe. Nta na rangi havikubali kukatwa katikati: kuna kupasha nta, kupaka, kuzamisha saa nzima, kusuuza. Hiyo ni kazi ya Jumamosi, saa 3 mfululizo. Jioni nne za dakika 45 ni za kazi inayoweza kuwekwa chini wakati wowote: kuchora, kukata violezo, kupima rangi na kuifunga kwenye vipakiti vyenye maandishi, kudarizi, kuandika daftari. Nta iwashwe mtu akiwa macho. Usiku wa Jumanne baada ya foleni ya daladala si saa yake.

Wiki 1 hadi 4 fanya sampuli tu, za sentimita 15 kwa 15. Usitengeneze "kazi" hata moja. Wiki 5 hadi 8 vipande vya 40 kwa 40, vinne au vitano. Wiki 9 hadi 12 kazi moja kubwa, na hapo ndani ya hizo wiki nne hesabu wiki nzima ya kumalizia pindo na kuitundika, maana wengi hawaihesabu kabisa.

Daftari la sampuli ndilo mali yako. Kila kipande kishonewe kwenye ukurasa kwa bandi mbili juu. Usikigundishe kwa gundi, inageuka njano na kupenya kitambaani. Pembeni andika: aina ya kitambaa na uzito wake kikiwa kikavu, uwiano wa nta, gramu za rangi, lita za maji, muda ndani ya maji, na kilichoharibika. Hicho cha mwisho kiandike kwa kirefu kuliko vyote. Sampuli nzuri isiyo na vipimo huwezi kuirudia. Iliyoharibika yenye vipimo inakufundisha miaka.

Karibuni mwongeze.

---

#2 UtandoWaNta

Mkuu Kaniki umefungua vizuri. Naongeza pale wengi wanapoangukia mapema, yaani kitambaa chenyewe.

Kwanza hakikisha ni pamba tupu. Vuta nyuzi chache pembeni uziunguze: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini, ikijikunja na kuacha punje ngumu nyeusi, hiyo ina tetroni, yaani poliesta. Rangi za pamba hazishiki tetroni, utapata rangi iliyofifia hata ukiongeza mara tatu.

Pili, toa wanga. Kaliko na poplini za dukani zimetiwa wanga zionekane nzito, na wanga huo unazuia nta isipenye na kuitafuna rangi kabla haijafika kwenye uzi. Chemsha dakika 30 hadi 60 kwa sabuni ya unga na vijiko viwili vya chai vya soda ashi (kaboneti ya sodiamu) kwa kila mita. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Usitie dawa ya kulainisha nguo.

Kikikauka kipime kwa tone la maji. Chovya ncha ya kidole, liachie tone moja lidondoke juu ya kitambaa. Likizama papo hapo na kutanda duara, kiko tayari. Likikaa juu kama ushanga, hata kwa kuhesabu moja hadi tano, kirudishe sufuriani. Hakuna uchawi mwingine utakaookoa kitambaa cha aina hiyo.

Nta: ya nyuki inang'ang'ania na kupindika, ya parafini, ile ya mishumaa, inavunjika. Ukitaka mistari safi isiyo na nyufa, nyuki 70 kwa parafini 30. Ukitaka mipasuko ile ya mishipa, geuza: nyuki 30, parafini 70. Mwanafunzi aanze nusu kwa nusu. Parafini tupu, hasa mishumaa iliyoyeyushwa peke yake, inabanduka vipande vipande ndani ya maji ya rangi, na watu wanadhani rangi ndiyo mbovu.

Joto. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, lakini kuyeyuka si kuwa tayari. Kwa kaliko inataka karibu 110 hadi 120. Kama huna kipimajoto, macho yatakuambia: mstari wa brashi ukigusa kitambaa unapaswa kuonekana kama kitambaa kimelowa, kina giza na kinapitisha mwanga. Kipindue, upande wa nyuma uone mstari ule ule, upana ule ule. Ukikaa juu mweupe kama maziwa yaliyoganda, nta imepoa na rangi itapita chini yake. Ukitoka ukitanda pembeni kama mafuta, imezidi moto. Ikifuka moshi, iondoe jikoni hapo hapo.

Sufuria ndani ya sufuria ya maji haivuki nyuzi 100, kwa hiyo inafaa poplini nyembamba na ndiyo salama zaidi kwa anayeanza. Nta ikishika moto: zima jiko, funika kwa mfuniko. Maji kamwe. Maji yanageuka mvuke mara moja na kuirusha nta inayowaka hadi darini. Mfuniko ukae mezani kabla jiko halijawashwa.

Na kitambaa kiwambwe kwenye fremu, kisiguse meza. Kikigusa, nta inagandia mezani, ukikinyanyua unabandua nusu ya mchoro.

---

#3 mwanafunzi_wa_jioni

Shukrani sana wakuu, nanakili yote haya. Swali: darasani kwetu tunatumia rangi za vat na kostiki (soda kali) na haidro. Kwa anayekaa nyumba ya kupanga, watoto wapo, jiko ni hilo hilo la chakula, inafaa kuzifanyia nyumbani?

---

#4 GramuKwaGramu

Dada, kwa mazingira hayo usizipeleke nyumbani. Ziache darasani kwenye uwanja na maji ya kutosha.

Si kwamba ni mbaya. Rangi ya vat haiyeyuki majini mpaka inyang'anywe oksijeni, na hiyo ndiyo kazi ya haidrosalfaiti, ile mnayoiita haidro, ndani ya maji ya kostiki. Kitambaa kinatoka majini kikiwa na rangi nyingine kabisa, kisha hewa inakirudishia rangi ya kweli mbele ya macho yako. Ikishashika haitoki kwa jua wala kwa kufuliwa, ndiyo maana warsha zinaipenda. Uwiano unaofundishwa sana ni kijiko 1 cha rangi, 1 cha kostiki, 2 vya haidro.

Ila kostiki inachoma ngozi na macho. Inatiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji hayamiminwi juu ya kostiki hata siku moja, yatachemka na kukurukia. Haidro ikipata unyevu inajipasha yenyewe na inaweza kuwaka, kwa hiyo kopo likazwe na kijiko kiwe kikavu. Na hariri au sufi usiitie humo, kostiki inaila.

Nyumbani tumia rangi za aina ya Procion MX, zinazoshika kwa maji ya kawaida na soda ashi. Hesabu inaanzia kwenye uzito wa kitambaa kikavu. Mfano: mita moja ya poplini yenye upana wa mita 1.5 na uzito wa gramu 120 kwa mita ya mraba ni gramu 180.

Rangi ya kati ni asilimia 2 ya uzito, gramu 3.6. Nyepesi ni asilimia 0.5, nzito 4, nyeusi inataka hadi 8. Maji ni mara 20 ya kitambaa: lita 3.6. Chumvi gramu 50 kwa lita, yaani 180. Soda ashi gramu 10 kwa lita, yaani 36.

Yeyusha rangi kwa maji kidogo kwanza mpaka isiwe na chembe, kisha itie kwenye maji yenye chumvi. Ingiza kitambaa kikiwa kimelowa. Koroga dakika 15 hadi 20. Kitoe, tia soda ashi iliyoyeyushwa pembeni, kirudishe, geuza geuza kwa saa nzima. Soda ikimwagwa moja kwa moja juu ya kitambaa utapata mabaka, na mabaka hayo hayatoki.

Makosa matatu yanayojirudia:

Kuhifadhi maji ya jana. Rangi ikikutana na soda ashi inaanza kujiunga na maji yenyewe badala ya pamba. Baada ya saa chache bado ina rangi machoni, lakini haina nguvu ya kushika.

Kupima kwa kijiko. Kijiko cha njano na kijiko cha buluu havina uzito sawa. Nunua mizani ndogo inayosoma 0.1 ya gramu, ndiyo kifaa cha kwanza kabla hata ya brashi nzuri.

Kupima bila barakoa. Unga wake ni mwepesi, na mapafu yakishaukataa yanaukataa moja kwa moja. Pima juu ya gazeti lililolowa, funga vipakiti. Vyombo vya rangi visirudi kwenye chakula.

---

#5 MajiYaKisima

Niongeze la pwani, maana vitabu vingi havilisemi. Maji ya kisima ya Dar, Unguja na Mombasa mengi yana chumvi na ugumu. Chumvi yenyewe haidhuru rangi hizi. Chokaa ndiyo inayofanya rangi igande vichembe na kutoa madoa. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya kuyeyushia rangi. Ya kisima yabaki ya kusuuzia mwanzo.

Halafu kuna anayetumia magadi ya mawe badala ya soda ashi. Magadi ni soda iliyochanganyika na bikaboneti, ni dhaifu zaidi, na yale ya sokoni yana udongo na chuma ndani. Chuma kinaififisha rangi na kuisukuma kwenye ukijivu. Kwa kuchemshia wanga sawa. Kwa rangi iliyopimwa kwa gramu, hapana.

---

#6 BintiUkindu

Mmeeleza ufundi vizuri, sasa niingie pale mwenye uzi alipoanzia: kuifanya kazi iwe yako.

Twiga hana kosa. Shida ni kwamba anayemchora hajamtazama twiga, katazama batiki ya mwenzake. Anza na kitu unachokiona kila siku bila kukifuata: kona ya mkeka pale ukindu unapogeuka, mabati ya paa la jirani yalivyobebana, nyavu zilizoanikwa, chuma cha dirisha. Kimoja tu. Kichore mara 30 kwa wiki mbili, dakika 5 kila mchoro, kwa kalamu ya wino, bila kufuta. Michoro kumi ya mwanzo itakuwa ya kitu unachokijua kichwani. Kuanzia ya kumi na tano hivi mkono unachoka kufuata kichwa, unaanza kufuata jicho. Hapo ndipo penye mali.

Kisha acha kalamu, shika mkasi. Kata umbo moja kutoka kwenye michoro hiyo kwa karatasi nyeusi, sentimita 10 kwa 10. Nakili vipande 16. Vipange 4 kwa 4, vyote vikitazama upande mmoja; piga picha. Geuza kila cha pili, piga picha. Vipindue viwili viwili vitazamane, piga picha. Tazama weupe uliobaki katikati, usitazame weusi. Mara nyingi mchoro wako wa kweli uko kwenye weupe ule.

Kutoka karatasi hadi nta kuna mgeuko ambao wanafunzi wengi hawaupati mapema: nta haichori, nta inahifadhi. Ulichopaka ndicho kitakachobaki kama kilivyo sasa. Kwa hiyo panga ngazi za rangi kwa kurudi nyuma. Chukua mchoro mmoja, uandike namba juu ya kila eneo: 1 ni litakalobaki jeupe, 2 litakalobaki njano, 3 litakalobaki la rangi ya pili, 4 la mwisho kabisa. Nta ya kwanza inafunika namba 1 zote. Zamisha njano. Kikikauka kabisa nta ya pili inafunika 2. Na kuendelea. Rangi hizi zinapitisha mwanga, kwa hiyo buluu juu ya njano haitakuwa buluu, itakuwa kijani. Ukitaka buluu safi, eneo lake lisipite kwenye njano, yaani lifunikwe mapema na kufunguliwa baadaye, au lipakwe kwa brashi.

Na kitambaa kikavu kweli. Nta ya pili juu ya kitambaa chenye unyevu haipenyi. Siku ya mvua subiri kesho.

Kuna kipimo kingine tulicho nacho nyumbani na hatukitumii: kanga. Takriban sentimita 150 kwa 110, pindo pande zote, mji katikati, jina chini. Huo ni mpango wa utunzi uliokwisha kujaribiwa kwa zaidi ya miaka 100. Duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa Mali ya Abdulla, liko Mombasa tangu 1887. Ipunguze iwe theluthi moja, 50 kwa 37, ukajaribu: pindo zito na mji mtupu, mji umejaa na pindo la mstari mmoja, jina likiwa limekaa mahali pa mji. Msanii Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 na kushinda tuzo ya Turner ya Uingereza mwaka 2017, ameufanyia kazi mpango huo huo wa kanga, picha pamoja na maneno. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kanga ni nguo tu.

---

#7 KampalaRoad

Ndugu zangu, kwa walio upande wa Uganda: msisahau lubugo, kitambaa cha gome la mutuba. Hakifumwi, kinapigwa kwa nyundo za mbao mpaka gome linatanda. Msanii Sanaa Gateja amekifanya uwanja wa shanga zake za karatasi. Na msanii Acaye Kerunen alisimama kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2022, banda la kwanza la Uganda kule, na kazi za kusuka kwa nyuzi za mimea. Kiufundi: lubugo halipendi kuloweshwa na kukamuliwa kama pamba, linachanika. Kulidarizi tumia sindano nene na tundu litangulizwe kwa msumari mwembamba, mishono isikaribiane chini ya milimita 4, vinginevyo unatoboa mstari wa kuchania.

---

#8 ViuaVyaLamu

Nipeni nafasi kwa sindano, maana ndiyo kazi ya zile jioni za dakika 45.

Batiki ikishatolewa nta yote inapokea darizi vizuri. Nta ikibaki hata kidogo sindano inanata na uzi unachafuka. Kwa hiyo darizi ni mwisho.

Uzi wa pamba wa nyuzi 6, ule wa vitita vya mita 8: utenganishe, shona kwa nyuzi 2 kwa mistari myembamba, 3 kwa mshono wa mnyororo. Urefu wa kushonea usizidi sentimita 45, kutoka ncha ya vidole hadi kiwiko hivi. Mrefu zaidi unajikunja na kuchakaa kwenye tundu la sindano kabla hujaumaliza. Jaribu uzi mwekundu na mweusi kabla: lowesha kipande, kibane kwa pasi juu ya kitambaa cheupe. Ukiacha alama, usiutie kwenye kazi.

Usidarizi juu ya mstari wa nta kuufuata tu. Hilo ni kosa la kila mwanzo, mshono unakuwa kama kivuli cha kitu kilichokwisha kusemwa. Uweke pale ambapo nta haiwezi: nukta ndogo, uzito wa pembeni, mstari unaovuka rangi tatu bila kukatika. Tazameni kofia za mkono za pwani. Viua vile, vitundu vilivyoshonewa pembezoni, havijatiwa rangi yoyote. Ni uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, na mchoro wote unabebwa na kivuli cha tundu. Sampuli moja ya kujifunza: kipande cha 15 kwa 15, tabaka mbili, vitundu 25 kwa safu za 5. Toboa kwa ncha butu usikate nyuzi, zisukume pembeni, kisha zungushia mishono 12 hadi 16 ukikaza sawasawa. Tundu la kwanza na la 25 yaweke kando kwa kando. Tofauti yake ndiyo somo.

Fremu ya mviringo ifunguliwe kila ukiacha kazi. Ikilala usiku kucha inaacha pete isiyotoka.

---

#9 ManjanoAsilia

Mbona hakuna anayetaja rangi za asili? Maganda ya vitunguu, manjano, magome ya mkandaa. Bei yake hakuna, na si sumu.

---

#10 GramuKwaGramu

Tunaziheshimu mkuu, lakini mwanafunzi ajue anachoingia. Pamba haishiki rangi ya mimea kwa urahisi kama sufi. Inataka kwanza tanini, ile dawa ya magome inayosaidia rangi kushika, asilimia 8 hadi 10 ya uzito wa kitambaa, na magome ya mkandaa yana tanini nyingi. Kisha shabu asilimia 15 pamoja na soda ashi asilimia 2. Ndipo rangi. Tena nyingi zinataka kuchemshwa, na nta haichemshwi, kwa hiyo na batiki hazipatani. Zitumie kwa kufunga na kushona, si kwa nta.

Manjano inapendeza siku ya kwanza na inakufa juani. Usiamini neno langu: kata ukanda wa kila rangi, funika nusu kwa karatasi nene nyeusi, ubandike dirishani wiki 3. Funua. Fanya hivyo kwa kila rangi unayotumia, ya mmea au ya kopo, matokeo yashonewe daftarini. Mtu akinunua kazi yako ya kutundika ukutani, hiyo ndiyo dhamana pekee unayoweza kumpa.

Na hilo la "si sumu", shabu na chumvi za chuma navyo vinataka glavu na sufuria zake.

---

#11 mwanafunzi_wa_jioni

Nimeelewa. Sasa kwenye kuchagua kozi inayofuata, niulize nini kabla ya kulipa? Na darasani kazi zikitazamwa pamoja, watu husema "nzuri" basi.

---

#12 KanikiNyeusi

Uliza mambo manne. Wanafunzi wangapi kwa sufuria moja ya nta? Wakizidi watano, nusu ya muda utakuwa kwenye foleni. Saa ngapi mkono uko kazini, si saa za kukaa darasani? Kuna mahali pa kuachia kazi iliyolowa mpaka wiki ijayo? Na mwalimu anafundisha utunzi au mapishi ya rangi tu? Omba kuona kazi za wanafunzi sita wa mwaka uliopita. Zikifanana zote, umejibiwa.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wana kozi fupi, na pia wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, unamfaa aliyejifunzia mitaani akataka cheti. Cheti ni kitu kizuri. Ila kwa upande wa utunzi tafuta pia mahali wasanii wanapofanya kazi milango ikiwa wazi, kama Nafasi Art Space kule Mikocheni, Dar, ukatazame kazi ikiwa nusu.

Kuhusu kutazamana: tundika kazi ukutani, watu wasimame mita 3, dakika 5 kimya. Mwenye kazi haongei. Duru ya kwanza kila mtu anataja anachokiona tu: "jicho langu linaanzia kona ya kulia juu, linakwama kwenye nyekundu." Duru ya pili anauliza. Hukumu zinakuja mwisho, zikija. Mwenye kazi anaandika, hajibu. Wiki moja baadaye anasoma alichoandika akiwa na kazi mbele yake. Madarasa yanayosema "nzuri" huwa hayajaonyeshwa namna nyingine. Ukiomba kipindi kimoja tu cha namna hii, wenzako wenyewe watakidai cha pili.

---

#13 UtandoWaNta

La kutundika, kwa hali ya hewa yetu.

Shona mfuko nyuma upande wa juu, upana sentimita 8, kwa mkono, mishono ishike tabaka la nyuma tu. Uache ulegevu kidogo upande wa nyuma ili fimbo ikiingia isisukume mbele ikatoa mgongo. Fimbo iwe fupi kuliko kazi kwa sentimita 2. Ukitumia kioo, kisiguse kitambaa; kwenye unyevu wa pwani ukungu unaanzia hapo hapo panapogusana.

Ikihifadhiwa iviringishwe juu ya bomba lililofunikwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa, upande wa uso ukitazama nje. Mkunjo wa kawaida unaweza kugeuka mpasuko baada ya muda. Usifunge kwa nailoni.

Picha ipigwe asubuhi kivulini, kamera ikiwa sambamba na katikati ya kazi, kipande cha karatasi nyeupe pembeni ili rangi isahihishwe. Piga na picha moja ya karibu, uzi uonekane.

---

#14 pasi_ya_mkaa

Wakuu, samahani naingia mwishoni. Nta inatolewa kwa pasi na magazeti, lakini kila mara inabaki duara lenye giza kama mafuta kuzunguka mchoro. Magazeti hata 20 hayasaidii. Nifanyeje? Na wengine wanasema nitie jiki.

---

#15 GramuKwaGramu

Pasi haitoi nta yote, inaisambaza. Duara hilo ni nta iliyotanda nyembamba. Pasi ni ya hatua ya kwanza tu, kuondoa ile nene.

Halafu chemsha: sufuria kubwa, maji ya kukifunika kitambaa kwa sentimita 10 juu, sabuni ya unga kijiko 1 cha chakula kwa lita 3. Chemsha dakika 10 ukikizamisha kwa kijiti. Usikitoe kupitia juu ambako nta inaelea, itakipaka tena. Kihamishie haraka kwenye ndoo ya pili yenye maji ya moto na sabuni, kichezeshe, ndipo maji baridi. Rudia mara mbili, na mara ya tatu kama kilikuwa na tabaka tatu za nta. Rangi iliyoshika vizuri haitaondoka, itaondoka ile ya ziada ambayo ingekuja kuchafua baadaye.

Sufuria iache ipoe usiku. Asubuhi nta imeganda juu kama sahani, inyanyue, ikaushe kabisa, itumie tena kwa nta ya nyufa. Imechafuka kwa rangi, kwa hiyo usiitie kwenye maeneo meupe. Maji yenye nta usiyamwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba.

Jiki haitoi nta. Inakula rangi, na ikiachwa inakula pamba yenyewe. Ukiitumia kwa makusudi kufifisha rangi, iwe nyepesi, dakika chache, kisha suuza na uizime kwa metabisalfaiti ya sodiamu au maji ya oksijeni (haidrojeni peroksaidi). Usiizime kwa siki. Jiki na siki vinatoa hewa ya klorini, na hiyo inaua chumbani.

---

#16 pasi_ya_mkaa

Ahsante sana mkuu. Nimeona kosa liko wapi, nilikuwa nakitoa kwa juu. Jumamosi nachemsha vipande viwili, kimoja kwa ndoo ya pili na kimoja bila, vishonwe daftarini kando kwa kando.